Mfungo Ulioishia Jikoni kwa Koko

Mama Glory ameniuliza mara tatu, na wengine mmeniangalia tu kwa jicho la pembeni pale kanisani, kwa hiyo naandika mara moja mfahamu wote. Ndiyo, nilifungua. Nilifungua siku ya ishirini na tisa, mchana kweupe, jikoni kwa mama mkwe wangu, kwa bakuli zima la chakula, na hakuna aliyenishikia fimbo. Nitawaeleza tangu nilipotoka chumbani kwangu Kaloleni mpaka nilipokula, na mkimaliza kusoma mtanihukumu mnavyotaka.

Kwanza niungame jambo moja. Nilipowaambia nina maombi ya siku arobaini, sikuwaambia kwamba ni Kwaresima. Mnajua sisi walokole tunavyoisema Kwaresima: eti ni mazoea ya dini, mtu anaacha nyama halafu anamaliza samaki wote sokoni. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo kwenye kipaza sauti, na mlinipigia makofi. Mwaka huu nikaishika kimya kimya, kuanzia Jumatano ile wenzetu walipopakwa majivu. Sababu haikuwa ya kiroho. Sababu inaitwa Eliamani.

Eliamani ni mke wa kaka yake mume wangu. Tunaitana mke mwenzangu, kama wanavyoitana wanawake walioolewa na ndugu wa tumbo moja. Anakaa Tengeru katika nyumba yao wenyewe, yenye bati jekundu na maua mlangoni. Mimi nimepanga vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Yeye ni Mmeru wa hapo hapo, Mlutheri tangu tumboni. Mimi ni mtu wa Singida, tena ndiye niliyemtoa mume wangu kwenye kanisa la mama yake nikamleta kwetu. Mama mkwe, ambaye wajukuu wanamwita Koko nasi tumefuata, hajawahi kunilaumu kwa hilo. Hajawahi pia kunisifu kwa lolote. Akipiga simu ni Eliamani kaniletea majani ya ng'ombe, Eliamani kanipeleka hospitali, Eliamani kaacha sukari Kwaresima hii, Eliamani anapanda kwa miguu kila Jumatano kutoka Tengeru, tunasali wote, anashuka. Namsikiliza, naitikia, nikikata simu roho inaniuma mpaka siwezi kupitisha uzi kwenye sindano.

Sasa Koko aliteleza kisimani mwezi wa kwanza, akaumia nyonga. Wanawe wakakubaliana kwamba hawezi tena kukaa peke yake kule mlimani; baada ya Pasaka atahamia kwa mmoja wao. Kwa nani, walisema, mama ataamua mwenyewe. Naye akatuma neno kwamba wasije wanaume wala watoto, twende sisi wakwe zake wawili, Jumatano ya tano ya Kwaresima.

Nilitaka aje kwangu. Sitawadanganya kwamba ni kwa upendo mwingi. Nilitaka anichague mimi, na Eliamani awe amekaa pale anaona. Basi nikapanga hivi: kama yeye anapanda kwa miguu kutoka Tengeru, mimi nitapanda kwa miguu kutoka huku mjini, Kaloleni. Na kama yeye ameacha sukari, mimi sitatia kitu mdomoni, hata tone la maji, tangu alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni, siku zote arobaini.

Kaloleni hadi Sekei

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, na mfuko wenye gauni la kitenge nililomshonea Koko, na mwavuli. Mume wangu, Baba Upendo, aliniuliza kwa nini nisipande gari kama watu wengine. Nikamwambia daktari kasema nitembee. Alikuwa anapiga mswaki, hakuuliza daktari gani.

Mwanzoni nilikwenda vizuri. Hewa ilikuwa ya baridi, mlima ulikuwa wazi kabisa mpaka kileleni, na mimi nilikuwa natembea huku nahesabu ni kilomita ngapi nimemzidi Eliamani. Nilipita Sanawari nikiwa bado naimba.

Pale Sekei ndipo nilipokwama. Mnamfahamu Mama Furaha anayepika chapati nje ya geti lake. Aliniona kabla sijamwona, akaita, na kuita kwake mnakujua. Akaniuliza naelekea wapi kwa miguu asubuhi yote hiyo. Nikasema mlimani, kwa mama mkwe. Akaniangalia viatu, akauangalia mfuko wenye nguo, akaniangalia usoni. Ningemwambia nashika Kwaresima, habari ingefika kwa mchungaji kabla chapati haijageuzwa, kwa hiyo nikanyamaza. Kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikomwambia kila kitu.

"Amekufukuza," akasema.

Nikamwambia hapana, mama, tuko salama. Akasema hata yeye mwaka ule alikuwa anasema yuko salama. Akanivuta ndani ya geti, akanikalisha kwenye stuli, akaniwekea kikombe cha chai na chapati mbili zenye moto. Nilipokataa kula alitikisa kichwa, maana mwanamke mwenye uchungu hali chakula. Kisha akaniwekea mkono kichwani, wenye unga na mafuta, akaanza kuiombea ndoa yangu. Aliomba nusu saa nzima. Alimkemea mwanamke wa nje ambaye hayupo. Alimwombea Baba Upendo moyo wa nyama badala ya moyo wa jiwe. Mimi nilisema Amina kila mahali panapostahili, kwa ndoa isiyo na tatizo lolote, huku harufu ya chapati inanipanda puani.

Tena katikati ya maombi yale nikashikwa na wivu, mtaona jinsi nilivyokuwa nimeharibika. Niliwaza kwamba Eliamani akiulizwa njiani anakwenda wapi, anajibu tu kwamba ni Kwaresima anakwenda kusali na mama mkwe, na watu wanamwambia Mungu akubariki. Mfungo wake una jina. Wangu nilikuwa nimeuficha kama mimba ya nje.

Sekei hadi Ngulelo

Sikuwa hata nimefika Kimandolu, simu ikaita. Alikuwa Baba Upendo, yuko juu ya nguzo huko anakofunga umeme. Akauliza, polepole kabisa, amenifukuza lini. Mama Furaha alikuwa ameshampigia, akampa na muda mpaka jioni atubu. Nikamweleza kwa kifupi nilivyoweza. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Unatembea mpaka kwa mama? Na hujala?"

Nikamwambia asimwambie mama yake, nataka aone mwenyewe. Akasema sawa, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuongeza neno. Akasema tu nikifika kwao nipokee ninachopewa. Nilidhani ananihurumia kwa njaa. Nikamjibu kwamba asinifundishe kufunga, mimi nimefunga kabla hajaokoka.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma nilipofika Ngulelo, na mkanda wa kiatu cha kushoto ukakatika. Nilichechemea mpaka kwa fundi viatu mmoja aliyetandika turubai lake chini ya ukuta. Alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia, midomo imemkauka kama yangu. Alipoona ninavyomeza mate akanyoosha mkono kuchukua chupa ya maji iliyokuwa nyuma yake, ya wateja. Nikamwambia nimefunga. Akaniangalia kichwani hakuona hijabu, akauliza nimefunga mfungo gani.

Kwake yeye nilisema ukweli, labda kwa sababu hanijui. Nikamwambia Kwaresima. Akafurahi sana. Akasema hajawahi kumwona Mkristo anayefunga mpaka maji, kumbe wapo, basi leo tumekutana wafungaji wawili, yeye amebakiza siku moja au mbili mwezi uandame. Alinishonea mkanda taratibu, akawa ananihoji. Nimetoka wapi? Naenda wapi? Aliposikia Kaloleni mpaka mlimani akaacha sindano.

"Sisi msafiri ana ruhusa," akasema. "Anafungua, analipa siku nyingine. Ninyi ruhusa yenu ikoje?"

Nani angenipa ruhusa, na nani aliyeniwekea hiyo sheria? Sisi kanisani hatuna Kwaresima, na hiyo yangu nilikuwa nimeishona mwenyewe bila kipimo. Nikamjibu kwa kiburi kwamba kwetu hakuna ruhusa. Akasema mashaallah, basi ninyi mmepewa mgumu kuliko wetu. Wakati naondoka alikuja mwenzake wa turubai la jirani, wakaanza kubishana watafuturu nini jioni, uji wa pilipili manga au wa ukwaju. Nikawaonea wivu hata hao. Walikuwa na njaa kama mimi, lakini walikuwa nayo pamoja.

Ngulelo hadi Tengeru

Kipande hiki nisingependa kukikumbuka. Kabla ya Shangarai mvua ilishuka, ile ya masika inayokuja bila salamu, nikajibanza chini ya kibaraza cha duka la mbolea karibu saa nzima. Mwavuli wangu uligeuka ndani nje. Mwenye duka alikuwa anakula mihogo ya kukaanga na kachumbari, akanikaribisha, nikakataa, akanikaribisha tena. Mara ya tatu hakunikaribisha, akageuza kiti chake anipe mgongo. Magari yalipita yameandikwa TENGERU kwenye kioo cha mbele, na makondakta wakanipungia mikono kama wanaoniuliza nina akili gani.

Nilifika Tengeru saa saba mchana, na kwa kuwa ilikuwa Jumatano, ilikuwa siku ya gulio. Mnalijua gulio la Tengeru: ndizi za kila ukoo, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, samaki wa kukaanga. Nilikuwa napita pembeni, nimeziba pua kwa khanga, nilipomwona Eliamani.

Alikuwa amesimama kwa mwuza mahindi, amevaa sketi safi bila hata doa la tope, anachagua punje kwenye kiganja. Mimi nilikuwa na tope mpaka magotini. Sikutaka anione hivyo. Palikuwa na mzee anayeuza miche ya parachichi, ameipanga mirefu kwenye viroba, nikachutama nyuma yake nikajifanya nachagua.

Eliamani akanunua mahindi yake, akafunga mfuko, akaita bodaboda. Akapanda, akakunja sketi, akaondoka kuelekea juu. Nawaambia, nilipata furaha na hasira kwa mpigo mmoja. Furaha kwa sababu hatembei. Leo ya leo, siku yenyewe ya kuitwa, anapanda pikipiki, na mimi ndiye nimetoka mjini kwa miguu. Hasira kwa sababu atafika saa nzima kabla yangu, atakuwa ameshapika, ameshafagia, ameshakaa karibu na Koko.

Yule mzee wa miche alikuwa ananiangalia. Akauliza kama namdai yule mama au yeye ananidai. Nikamwamkia, shikamoo, nikamwambia ni mke mwenzangu, sote tunakwenda kwa mama mkwe, na mimi natembea kwa sababu ya Kwaresima. Kumbe alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri. Akafurahi, akauliza niko siku ya ngapi. Nikajibu ya ishirini na tisa.

Akahesabu kwa vidole. Akasema hapana, leo ni ya ishirini na tano.

Nikamwambia mzee wangu, sijaruka hata siku moja. Akasema ndiyo, hilo ndilo tatizo, kwa sababu Jumapili hazihesabiwi. Jumapili ni siku ya ufufuo, mtu anakula. Nilifunga Jumapili pia? Nilifunga. Zote nne? Zote nne, tena moja nikiwa naongoza sifa. Mzee akacheka kwa adabu, mkono mdomoni, akasema basi nimefunga siku nne ambazo Mungu alikuwa anasherehekea. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba Eliamani amekula Jumapili zote nne, kuku na ndizi, na kwa hesabu yao bado yuko sawa na mimi.

Tengeru kwenda juu

Kutoka Tengeru mpaka kwa Koko njia ni ya kupanda tu, katikati ya migomba na kahawa, na udongo ule mwekundu ukilowa unashika kiatu usikiachie. Nilikuwa napiga hatua kumi napumzika. Kichwa kilinigonga. Katika kila nyumba niliyopita mtu alinisalimu na kunikaribisha, maana watu wa kule hawajui kumwacha mgeni apite, nami nikajibu nimekaribia, nimekaribia, bila kugeuza shingo.

Kuna mama mmoja alikuwa ameshusha mzigo wake wa majani ya ng'ombe kando ya mfereji, anapumua. Aliponiona ninavyoyumba akanisogezea dumu lake la maji, na ndizi mbivu mbili akazitoa kwenye khanga kiunoni. Nikamwambia asante, situmii. Nilikuwa nimechoka kueleza. Akauliza kwa nini, maji ya kwao yana nini? Nikasema hayana kitu. Akarudisha ndizi zake kiunoni, akajitwika majani bila kuniomba nimsaidie, akaondoka. Nilimwona amekasirika na sikujali. Nilikuwa nimebakiza kilima kimoja, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshaandaa sentensi nitakayosema mlangoni.

Jikoni kwa Koko

Nilifika saa tisa kasorobo. Bado saa tatu na kidogo mfungo uishe. Pikipiki ilikuwa imeshaondoka, uwanja umefagiliwa, moshi unatoka jikoni. Nikaingia.

Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga, fimbo miguuni. Eliamani alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni. Nikamwamkia mama, akaitikia, akaniangalia miguu yangu yenye tope akasema kitu kwa Kimeru, Eliamani akaniletea maji ya kunawa. Sikutaka kuoshwa na Eliamani, lakini nilinawa. Nikatoa gauni. Koko akalishika, akalipima mabegani, akasema ni zuri. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza kuipata kwake miaka kumi na sita.

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona anafanya. Aliinuka mwenyewe na nyonga yake ile, hakumwita Eliamani. Akafunua chungu, akapakua loshoro, yale mahindi ya kuchemshwa laini, katika bakuli la mti. Akateremsha kibuyu kilichoning'inizwa ukutani, akakitikisa, akamimina maziwa ya mgando juu yake mpaka yakafika ukingoni. Akaja nalo kwa mikono miwili, akasimama mbele yangu. Hakusema neno.

Eliamani aliacha kuosha vyombo.

Huo ndio muda niliokuwa nimeusubiri tangu Kaloleni. Nikainua kichwa, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye beseni:

"Asante mama, lakini nimefunga. Hii ni siku ya ishirini na tisa. Nimetoka Kaloleni kwa miguu, sijagusa hata maji."

Nilingoja ashangae. Nilingoja amgeukie Eliamani amwambie umeona. Koko akaliweka bakuli chini karibu na mafiga, akalifunika kwa sahani, akachukua fimbo yake akatoka nje kwenda kwenye ng'ombe.

"Mama Upendo," Eliamani akasema, "umefanya nini?"

Nikamjibu kwamba nimefunga, kwani yeye tu ndiye anayejua kufunga? Hakugombana. Alijifuta mikono kwenye sketi yake ile safi, akakaa chini kwenye sakafu, akanieleza. Alinieleza kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe.

Katika ukoo ule mzee haombi makao kwa mdomo. Ni aibu kwa aliyezaa kuwaambia watoto nipokeeni. Anapakua chakula kwa mkono wake, anamimina maziwa yake, anampelekea mke wa mwanawe bila kusema kitu. Akipokea akala, amemkubali. Akikataa, amemkataa, na jambo halisemwi tena. Ndiyo maana hakutaka wanaume wala watoto. Hakutaka wamwone akiomba. Eliamani aliitwa awe shahidi, na alipigiwa asubuhi awahi na mahindi, ndiyo maana ya bodaboda. Maziwa yale Koko amekuwa akiyaweka kidogo kidogo. Ng'ombe hatoi kitu siku hizi, kwa hiyo tangu Jumatano ya Majivu Koko anakunywa chai ya rangi ili kibuyu kijae. Hiyo ndiyo ilikuwa Kwaresima yake.

Mume wangu alijua, dada zangu. Ndiyo maana aliniambia nipokee ninachopewa. Nami nikamjibu vile.

Nikamuuliza Eliamani kwa nini hakusema mapema. Akasema shahidi haruhusiwi kusema. Nikamuuliza basi kwa nini anasema sasa. Angenyamaza tu, na baadaye kibuyu kingejazwa upya, kingekwenda kwake. Macho yakamjaa machozi, na hakuyafuta.

"Miaka kumi na minne niko hapo chini," akasema. "Namkatia majani, namwogesha. Kila Jumatano napanda. Bakuli lile nimeliosha mara ngapi sijui, sijawahi kupewa. Leo nimelishuhudia likipelekwa kwa mtu anayekuja mara mbili kwa mwaka. Unadhani nilitaka kukuambia?"

Mwezi mzima nilikuwa nimembeba mwanamke huyu moyoni kama jiwe, kumbe naye alikuwa amenibeba hivyo hivyo, miaka yote.

Nilitoka nje. Koko alikuwa ameegemea uzio wa banda, ng'ombe anamlamba kiganja. Nikapiga magoti kwenye tope. Nikamwambia mama, nisamehe, mimi ni mtu wa mbali, sikujua. Nikamwambia nilikuwa nimemwahidi Mungu mpaka saa kumi na mbili. Hakunigeukia.

"Mfungo wako unaisha saa kumi na mbili," akasema. "Na mimi nikae nasubiri?"

Nikasema hapana, mama. Nikamshika mkono, tukarudi ndani pamoja, Eliamani akatupisha mlangoni akatoka yeye. Nilifunua bakuli mwenyewe. Nilikaa chini, miguu mbele, kama wanavyokaa wenyewe, na saa yangu ilisema saa tisa na robo. Koko alikaa kwenye kigoda akanitazama mdomoni kila nilipomeza. Maziwa yalikuwa makali, yana harufu ya moshi wa kibuyu. Nilifikiri nitasikia hukumu kutoka mbinguni, nikasikia tu tumbo langu.

Nilipofika katikati ya bakuli, Koko akapaza sauti kumwita Eliamani. Akamwambia aje, chakula kipo, ale pamoja nami. Eliamani alikuwa amesimama kwenye migomba, ametugeuzia mgongo. Na Eliamani huyu, ambaye Kwaresima yake yote ni kuacha sukari, akajibu bila kugeuka:

"Nimefunga, mama."

Koko aliielewa sauti ile, akainamisha kichwa. Mimi niliielewa kuliko yeye, maana wivu ule nilikuwa nimetembea nao tangu asubuhi. Ningeweza kuinuka. Ningeweza kwenda na bakuli mpaka kwenye migomba na kumwambia mke mwenzangu, shika kijiko. Mnajua kwamba ndivyo tunavyofundishana kila Alhamisi kwenye maombi yetu ya akina mama. Lakini nilikaa pale pale nikala mpaka chini, nikakomba na ukingo. Ilikuwa tamu, dada zangu, na sikumwita.